Namna ya kuandika simulizi ya mapenzi na mzimu inayoanzia kwenye daladala ya Uyole–Mbalizi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeijua Mbeya na anayetaka kuandika simulizi ya mapenzi ambamo mmoja wa wapenzi si wa dunia hii, na wanakutana kwenye gari la kila siku la kwenda kazini. Simulizi za aina hii zinapendwa sana, lakini nyingi zinatokea mahali pasipojulikana: mji hauna jina, gari halina njia, jini ana kasri chini ya bahari. Msomaji wa Ilomba anasoma, anafurahi, anasahau. Mimi nataka aandikiwe hadithi itakayomfanya kesho yake alfajiri amwangalie mara mbili abiria aliyekaa siti ya nyuma. Ninavyoona, hilo linategemea mambo matatu ambayo hayana ajabu yoyote: nauli, saa na ukoo. Yakiwa ya kweli hayo matatu, msomaji atamkubali mzimu bila kubembelezwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa Atupele, binti wa kubuni, fundi cherehani anayekaa Uyole na mwenye chumba cha kushonea Mbalizi. Uchukue, uuvunje, uugeuze upendavyo.

Hatua ya kwanza: panda gari na daftari

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, safiri njia utakayoiandika, alfajiri, saa ileile ya mhusika wako. Andika vituo kwa mpangilio wake jinsi konda anavyovitaja: Uyole, Nane Nane, Sae, Ilomba, Mama John, Soweto, Kabwe, Mafiati, na kuendelea mpaka Iyunga na Mbalizi. Andika nani anapandia wapi. Wanafunzi wanakubaliwa wangapi kabla konda hajaanza kununa? Mama mwenye ndoo ya maziwa anaishika magotini au anaipitisha nyuma ya siti? Dereva anapiga nyimbo za injili au taarifa ya habari? Konda anagonga bati mara ngapi kumwambia dereva aondoke?

Kazi hii ina sababu. Ndani ya daladala watu wasiojuana hukaa paja kwa paja kila siku, mtu akasikia pumzi ya mwenzake, na hakuna anayeuliza jina. Sokoni kuna kujuana, kanisani kuna kujuana, msibani ndiyo kabisa. Kwenye Hiace mwanamke anaweza kukaa na mwanamume yuleyule mwezi mzima asijue ni nani, na jambo hilo likaonekana la kawaida. Mzimu hapati mlango mpana kuliko huo wa kuingilia katika maisha ya mtu.

Angalia pia baridi. Juni na Julai Mbeya inauma. Abiria wamejifunika makoti, mashuka na kofia za sufu, madirisha yamefungwa, na vioo vinalowa ukungu wa pumzi za watu. Mhusika wako wa ajabu akiwa amevaa shati la mikono mifupi na hatetemeki, na kioo cha upande wake ni kikavu, huna haja ya kuandika kwamba kuna jambo. Atupele anafuta kioo chake kwa kiganja, anageuka, anaona kile kingine hakijahitaji kufutwa. Ishara hiyo inatosha kwa sura nzima. Usiongeze macho yanayowaka.

Hatua ya pili: amua ni kiumbe gani

Una njia kadhaa, na kila moja ina deni lake.

Jini mahaba tunamfahamu sote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukimtaja tu, msomaji ameshajua yatakayofuata: ndoto, wivu, mchumba anayekimbia, kisomo. Tena anatoka na harufu ya pwani, udi na karafuu, kwa hiyo ukimleta Mbeya lazima ueleze amefikaje.

Kuna viumbe wa maji na milima. Ziwa Ngosi, lile la kreta juu ya milima ya Uporoto, lina masimulizi mengi, na njia ya kwenda huko inaanzia Isongole kwenye barabara ya Tukuyu. Mtu anayepandia Isongole akiwa amelowa miguu siku ambayo mvua haijanyesha ni mwanzo mzuri. Ukichagua huko, nenda ukawasikilize wazee wa eneo hilo kwanza. Loleza nao ni mlima wa Wasafwa, wenyeji wa mji huu. Usiuandikie mizimu ya kuokoteza wakati wenye mlima wapo na wanasema.

Mimi ningechagua mzimu, yaani marehemu mwenye jina na kwao. Nyanda za juu kusini wafu hawako mbali na walio hai. Rungwe, makaburi mengi yako nyumbani, karibu na migomba, watoto wanacheza pembeni. Wazee wa Kinyakyusa wana jina lao, abasyuka, wale waliotangulia ambao bado ni wa familia. Mzimu wa namna hiyo ni ndugu wa mtu, na kumpenda ni kuingia kwenye familia yake. Ndiyo maana nasema chagua huyu: anakuletea mgogoro ambao jini hana.

Katika mfano wetu ni kijana wa Rungwe aliyekwenda kujenga reli ya TAZARA. Reli hiyo ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande kati ya Mlimba na Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa madaraja na mahandaki yake. Kijana wetu alifia huko, na mwili haukurudi nyumbani. Tumwite Lusajo.

Hatua ya tatu: mpe kanuni chache, kisha uiache saa ifanye kazi

Mzimu anayeweza kila kitu hachoshi mhusika peke yake, anamchosha na msomaji. Mpe kanuni chache na usizivunje. Zangu ni hizi: Lusajo anaonekana na abiria wote, lakini akishashuka hakuna anayemkumbuka isipokuwa Atupele. Na anaonekana gizani tu. Kukipambazuka, siti inabaki tupu.

Sasa angalia zawadi ambayo Mbeya inakupa. Mji huu uko magharibi mwa nchi ila tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linachelewa. Mwanzoni mwa Julai huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Gari la saa kumi na mbili linatembea gizani, taa zimewashwa, na Atupele anasafiri na Lusajo karibu njia nzima. Lakini mwisho wa Septemba jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, na katikati ya Novemba karibu saa kumi na mbili na robo. Gari halijabadilisha muda. Kinachobadilika ni kwamba kila wiki mapambazuko yanawakuta mapema zaidi barabarani. Julai anashuka mwenyewe mbele ya stesheni ya TAZARA. Baadaye anatoweka Mafiati. Baadaye Soweto. Mpaka mvua za kwanza za Novemba zinaanza, wanakuwa wamebakiwa na dakika chache za hapo hapo Uyole kabla gari halijajaa.

Chora jedwali la miezi hiyo ukutani kwako. Hapo umepata mwendo wote wa simulizi bila adui, bila mganga mbaya, bila tajiri mwenye wivu. Msomaji wa Mbeya ataelewa kwa mwili wake, maana ameamka katika giza hilo.

Hatua ya nne: mkutano wa kwanza uwe juu ya nauli

Watu hujaribiwa kuanza na macho kugongana. Anza na chenji. Konda anafika nyuma akiwa na noti zimekunjwa kati ya vidole:

"Nauli hapo nyuma. Wa dirishani?"

Yule kijana akatoa sarafu. Konda akaimulika kwa simu, akaigeuza.

"Braza, hii nini? Sungura?"

"Ni thumni, ndugu. Nashuka TAZARA."

"Ndugu yako nani? Leta hela tusonge."

Kijana akapekua mfuko wa shati, akatoa nyingine ileile. Watu wakaanza kugeuka. Atupele akahesabu haraka kichwani hela ya uzi na hela ya kurudi, akanyoosha mkono.

"Chukua, konda. Tuko wawili."

Kijana akamtazama muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa.

"Ndaga," alisema.

Angalia kilichofanyika. Thumni, yaani senti hamsini, ya mwaka 1966 ilikuwa kweli na picha ya sungura, na msomaji mwenye umri ataikumbuka kabla hujamweleza. "Ndugu" ya miaka ile ya Ujamaa inapita sikioni mwa konda kama ujuba. "Ndaga" ni asante ya Kinyakyusa. Na Atupele ametoa kitu chake. Kumlipia mtu nauli ni hisani ndogo inayoeleweka na kila mtu, na inaacha deni, na deni linawapa sababu ya kusemeshana kesho.

Kesho yake konda anasema maneno yaleyale: "Braza, hii nini? Sungura?" Keshokutwa tena. Hapo ndipo Atupele anaanza kuogopa, na hapo ndipo sehemu yako ya pili inaanzia. Usimwambie msomaji kuwa huyu ni marehemu kabla ya Atupele mwenyewe hajapata baridi ya tumbo.

Hatua ya tano: acha penzi likue kwa vitu vidogo

Hapa sitasema mengi. Wako wawili katikati ya watu kumi na kitu, kila neno linasikika. Kwa hiyo waongee juu ya mambo ya njia: anamwuliza kwa nini Kabwe pamejaa maduka, anamwuliza treni imeshaanza kupita au bado. Atupele anamjibu kwamba imeshaanza tangu kabla yeye hajazaliwa, na Lusajo anakaa kimya mpaka Iyunga. Mwanamume aliyekufa akiijenga reli anashuka kila alfajiri kwenye stesheni ya Mbeya kusubiri treni ambayo hajawahi kuipanda. Mapenzi yataingia kupitia huruma hiyo, na huruma ikikomaa hutaweza kuitenganisha na mapenzi.

Atupele aanze kumshonea koti. Apime mabega kwa macho, kwa kuwa hawezi kumgusa kwa futi mbele ya watu. Eleza kitambaa, bitana, vifungo; mwandishi akiheshimu kazi ya mhusika wake, msomaji anampenda mhusika huyo.

Hatua ya sita: walio pembeni wawe watu kamili

Atupele anakonda, anaamka saa tisa usiku, anajipaka mafuta kwa safari ya gizani. Majirani wa Uyole hawawezi kukaa kimya. Atakuja mama mwenye nyumba, atasema, "Mwanangu, twende kwenye mkesha, hili si la kawaida." Usimfanye kichekesho. Mbeya ni mji wa makanisa, maombi ni jambo la kwanza ambalo mtu mwenye upendo atalipendekeza, na mama huyo anampenda kweli. Amkalishe, ampikie uji, amshike mkono usiku kucha kanisani. Sala iwe nzuri. Na Atupele akitoka huko alfajiri apande gari, amkute Lusajo palepale, naye aseme, "Leo umechelewa kulala." Tukio hilo halimshindi mama wala halimshindi Mungu, linamwambia msomaji tu kwamba huyu hakuja kwa ubaya.

Konda naye mpe maisha. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Tundu la hela linalotokana na zile sarafu, kama Atupele hajapanda siku hiyo, linatoka mfukoni mwake.

Hatua ya saba: uliza ukoo

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pote, na hapa ndipo simulizi nyingi hukimbia. Wapenzi wakishapendana, wengi huandika busu, radi na machozi. Lakini sisi tunajua swali linalofuata mapenzi. Mama wa Atupele atauliza kwa simu: "Ni wa kina nani? Kwao wapi? Mshenga wake nani?" Mapenzi yasiyo na mtu wa kuyajibia yanaishia barabarani.

Kwa hiyo Atupele amwulize, kwa heshima, gari likiwa limesimama Sae: "Kaka Lusajo, nyumbani kwenu ni wapi hasa?" Naye amtajie kijiji, jina la baba, mti ulio mbele ya nyumba. Sasa tazama ramani. Barabara ya Tukuyu inachepuka Uyole. Mtu anayetoka Makambako kwenda Rungwe lazima ashukie pale. Kila alfajiri kwa zaidi ya nusu karne Lusajo ameipita njia panda ya kwao, kwa sababu anadhani anawahi kazini. Na Atupele anapandia palepale. Mambo mawili hayo, njia panda na kituo chake, yako kwenye ramani kabla wewe hujazaliwa; kazi yako ni kuyaona.

Siku moja Atupele hafungui chumba cha kushonea. Anapanda gari la Tukuyu. Andika safari hiyo mchana, ya kwanza yenye mwanga katika simulizi nzima: viazi vya Uporoto kwenye magunia barabarani, kisha ukungu, kisha chai na migomba inayoteremka, mlima Rungwe pembeni na kilele chake cha karibu mita 2,960. Anauliza, anaelekezwa, anafika kwenye ua ambao mti bado upo. Nje amekaa mzee, baba mdogo wa Lusajo, ambaye mwaka ule alikuwa kijana. Anaweza kuwa mzee wa kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, na bado akawa na sehemu mgombani anayoikwepa kwa jembe kila msimu, kwa kuwa ilitengwa kwa ajili ya kaburi ambalo halikuchimbwa.

Sasa jambo la kufanya kwa mkono mwepesi. Katika mila ya Kinyakyusa, zamani mke hakutazamana na baba mkwe wake. Akimwona njiani anampisha, anainamisha uso. Baba mdogo ni baba. Atupele akiingia uani, kabla hajasema kilichomleta, asogee pembeni, ainamishe kichwa, ajifunike kanga. Mzee ataliona. Anajua mwanamke anayefanya hivyo mbele yake anadai nini, na katika nyumba yake hakuna kijana aliyebaki wa kuoa. Waache wakae kimya. Kisha mzee aulize jambo moja tu: "Umemwona wapi?"

Nikiandika mimi, sitamweka mganga, sitamweka radi. Mgogoro uliobaki ni wa Atupele peke yake. Akimwambia Lusajo ashukie Uyole, atafika kwao, atapumzika, naye hatamwona tena. Akinyamaza, atakuwa naye mpaka mwanga wa Novemba uwatenganishe, halafu labda Juni ijayo arudi. Mzee atamsihi? Mahari ya ng'ombe itatajwa, hata kwa heshima tu, ili binti ahesabiwe wa nyumba ile? Ningeitaja. Ukoo ukimpokea Atupele kama mke wa marehemu, anapata haki ya kuomboleza, na hiyo ni kubwa kuliko busu lolote.

Hatua ya nane: mipaka

Usitumie ajali ya kweli. Miteremko ya barabara hii kuu imeua watu wengi, na familia zao zinasoma simu kama wewe. Buni ajali yako, au umuue mhusika wako kwa homa.

Usimwekee mwanamke mzee macho mekundu ili awe mchawi. Macho hayo ni ya moshi wa kuni, na wanawake wameuawa nchini kwa sababu hiyo. Na watu wenye ualbino wasiguswe kabisa na hadithi za mvuto na dawa. Damu yao imemwagika vya kutosha kwa maneno ya namna hiyo. Katika jambo hili sina upole: mwandishi wa mambo ya ajabu anabeba silaha.

Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga ukitumie kidogo, na umpe mwenye lugha asome. Salamu moja ya "Ugonile" mahali pake inatosha ukurasa mzima.

Hatua ya tisa: kusahihisha

Soma kwa sauti. Kila penye neno "ghafla", futa uone kama sentensi inapungukiwa. Angalia jedwali lako la jua: kama Oktoba bado umemfikisha Lusajo Iyunga, umevunja kanuni yako na msomaji makini atakukamata. Hesabu nauli ambazo Atupele amelipa, uone kama fundi cherehani anazimudu. Kama hazimudu, lisionekane kosa, liwe sehemu ya simulizi, aanze kupunguza chakula cha mchana. Kisha mpe mtu anayepanda gari hilo kila siku, asome vituo tu.

Ukiigawa kwa sehemu za kusomwa kwenye simu, maneno 800 hadi 1,000 kwa sehemu yanatosha. Sehemu ya kwanza ikatie pale konda anapouliza juu ya sungura kwa mara ya pili, Atupele akiwa ameshika hela mkononi na hajaamua kama atalipa.